Salamu moja ya Krismasi, SMS tatu: nani kala bando la baba mdogo?

Kesi yenyewe ni hii. Jioni ya tarehe 24 Desemba, nyumbani Bariadi, baba mdogo alinunua kifurushi cha SMS 20. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: watu 20, salamu 20, kazi imeisha. Wengine wako Maswa, wengine Meatu, mmoja yuko Dar, na karibu nusu yao wanatumia simu za kitochi, kwa hiyo WhatsApp haiwasaidii kitu. Akatuma kwa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika kwa mtu wa saba, simu ikamjibu kwamba salio halitoshi.

Akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe si ndiyo unasomea mambo ya mitandao huko chuoni? Haya, niambie. Nimenunua SMS 20, nimetuma sita. Hizo 14 kala nani?"

Pale sebuleni majibu yalikuwa yameshatoka kabla sijafungua mdomo. Shangazi alisema kampuni za simu hupandisha bei kimyakimya kila sikukuu ikikaribia, na kwamba mwaka uleule Idd ilimtokea hivyohivyo. Binamu yangu alisema kuna mtambo unakata. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kusema kweli sikuwa na jibu. Ukinipa milinganyo ya mawimbi nitakuandikia ubao mzima, ila SMS 14 zilikuwa zimenishinda.

Nikaomba ile simu. Nikafungua tena ile salamu, na pembeni ya kitufe cha kutuma kulikuwa na maandishi madogo ambayo wengi wetu hatuyaangalii: 59/3. Jibu lote lilikuwa pale. Makala hii ni maelezo ya hiyo 59/3, halafu nitarudi kwenye shutuma ya shangazi, maana nayo ina ukweli wake.

Kwa nini herufi 160

SMS ya kwanza duniani ilikuwa salamu ya Krismasi. Tarehe 3 Desemba 1992, mhandisi kijana wa Uingereza, Neil Papworth, alikaa mbele ya kompyuta akaandika "Merry Christmas" na kuituma kwa Richard Jarvis wa Vodafone, aliyekuwa kwenye sherehe ya ofisi. Jarvis hakujibu, maana simu yake haikuwa na uwezo wa kuandika ujumbe. (Kama unadhani SMS za sikukuu ni ghali, jua kwamba nakala ya kidijitali ya ujumbe huo iliuzwa mnadani Paris mwaka 2021 kwa yuro 107,000. Kwa herufi 15, ukihesabu na nafasi.)

Ila ukubwa wa SMS ulikuwa umepangwa miaka kadhaa kabla. Wakati mfumo wa GSM unabuniwa, wahandisi waligundua kwamba simu na mnara huwa vinaongea muda wote, hata kama wewe hupigi wala hupigiwi. Simu inauambia mnara "nipo hapa", mnara unaijibu "nimekuona". Maongezi hayo yanapita kwenye njia ndogo ya pembeni, tofauti na njia inayobeba sauti yako, na muda mwingi njia hiyo haina kazi. Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikuwa kati ya waliosukuma wazo la kutumia nafasi hiyo kubeba maandishi mafupi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1985 alikaa nyumbani kwake Bonn na mashine ya chapa, akaandika sentensi za kila aina, akazihesabu, akaona karibu zote zinaishia chini ya herufi 160. Akaridhika kwamba inatosha.

Kiufundi, bahasha moja ya SMS ina nafasi ya baiti 140. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo ni biti 1,120. Sasa ukiamua kila herufi ichukue biti 7, unapata 1,120 gawanya kwa 7, sawasawa na herufi 160. Biti 7 zinakupa alama 128 tofauti: A hadi Z kubwa na ndogo, tarakimu, nukta, mkato, alama ya kuuliza na kadhalika. Waliounda jedwali lile walikuwa Wazungu, kwa hiyo humo ndani utakuta hata herufi za Kigiriki na ø ya Wadenmaki. Kiswahili kilipata bahati tu. Herufi zetu zote zimo, hakuna nukta za juu wala mikia ya chini, hivyo Mswahili anapata 160 zake kamili.

Ambaye lugha yake haimo kwenye jedwali lile anatumia njia ya pili. Ikitokea herufi hata moja ambayo haimo, simu inahama kwenye mfumo mpana zaidi, Unicode, ambao humo kila herufi inachukua biti 16. Bahasha haijaongezeka, ni zilezile biti 1,120. Gawanya kwa 16 unapata 70. Ndiyo maana mtu wa Muscat akiandika salamu za Idd kwa herufi za Kiarabu ana nafasi 70, na ndugu yake wa Unguja akiandika "Eid Mubarak" kwa herufi za Kilatini ana 160. Mwandishi wa Kiamhari hana namna, yeye ni 70 siku zote.

Rudia hapo kwenye "herufi hata moja", kwa sababu ndipo baba mdogo alipoliwa. Simu haibadilishi ile herufi moja tu. Inabadilisha ujumbe wote.

Ng'ombe ndiye mwizi

Salamu yenyewe ilikuwa hii, naiweka kama ilivyo kwa ruhusa yake:

"Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya! Mungu awabariki nyote hapo nyumbani, awape afya, mvua ya kutosha, pamba nyeupe na ng’ombe wanono. Tuko pamoja."

Hesabu mwenyewe ukitaka. Ni herufi 142 pamoja na nafasi na alama. Chini ya 160, kwa hiyo ilitakiwa kuwa SMS moja. Hakuna emoji, hakuna ua, hakuna moyo. Nilipitia herufi moja moja hadi nikafika kwa ng’ombe.

Angalia vizuri ile alama iliyo katikati ya ng na o. Kuna aina mbili za alama hiyo. Kuna iliyonyooka ('), ambayo imo kwenye jedwali la biti 7, na kuna iliyopinda kama mkia wa koma (’), ambayo haimo. Kwa macho ni kitu kimoja. Baba mdogo hata hakuichagua, salamu aliinakili kutoka kundi la WhatsApp la ukoo, na aliyeiandika kule mwanzo alitumia simu ambayo hupinda alama hiyo yenyewe ili ipendeze. Alama moja ikahamisha ujumbe mzima kwenda kwenye herufi 70.

Na 70 kwa 142 haifiki hata ukizidisha mara mbili, ila mambo ni mabaya zaidi ya hapo. Ujumbe ukizidi bahasha moja unakatwa vipande, na kila kipande lazima kibebe anwani ndogo inayosema "mimi ni kipande cha 2 kati ya 3", ili simu ya mpokeaji ijue kuviunga. Anwani hiyo inakula baiti 6 katika kila bahasha. Kwa ujumbe wa biti 7 unabaki na 153 badala ya 160. Kwa Unicode unabaki na 67.

Kwa hiyo kipande cha kwanza kiliishia herufi ya 67, ambayo ni "i" ya mwisho kwenye neno "nyumbani". Cha pili kikaanzia kwenye mkato na kuishia herufi ya 134, mwisho wa neno "Tuko". Kipande cha tatu, SMS nzima iliyolipiwa kama nyingine, ilibeba nafasi moja, neno "pamoja" na nukta yake. Vipande vitatu vina nafasi 201, yeye ametumia 142, zimebaki 59. Ndiyo ile 59/3 kwenye skrini: nafasi 59 zilizobaki, SMS ya 3.

Watu sita mara SMS tatu ni 18. Zikabaki mbili, na mtu wa saba alihitaji tatu.

Nilipomweleza alicheka, halafu akakunja uso. "Kwa hiyo ng'ombe ndiye kanila?" Kwa Msukuma, hiyo ni tuhuma nzito.

Na kwa mkoa kama Simiyu jambo hili si dogo, maana alama ile imejaa kwenye majina ya watu na ya vijiji, yote yanayoanza na Ng'w. Mtu anaweza kuwa na herufi kumi tu za ziada kwenye sahihi yake na zikamgharimu SMS mbili kila anapoandika jina lake. Ukichanganya na emoji za sikukuu, mti wa Krismasi, fataki, mikono iliyokutanishwa, unapata sababu kubwa kwa nini bando la SMS "linaisha haraka" mwezi Desemba kuliko mwezi Agosti. Kampuni haijagusa bei. Sisi ndio tunaandika kwa madoido zaidi siku za sikukuu.

Kuna mtego mwingine mdogo nautaja kwa haraka: mabano ya mraba, alama ya yuro na vijimawimbi vya ~ vimo kwenye mfumo wa biti 7 lakini kila kimoja kinahesabiwa kama herufi mbili. Wanaopamba meseji kwa ~~~~~ mwanzo na mwisho wajue.

Mnara wa kijijini na usiku wa mwaka mpya

Hadi hapa nimeitetea kampuni. Sasa tuje kwenye malalamiko ya pili, ambayo kwangu ni makubwa kuliko ya kwanza: ujumbe uliolipiwa na haukufika, au uliofika hauna maana tena.

Mwaka mmoja dada yangu alikuja kula sikukuu kutoka Mwanza na mtoto mgongoni. Alishuka Lamadi jioni, pale njia inapochepuka kuja Bariadi, akatuma meseji: tumefika Lamadi, gari zimejaa, mtume mtu. Hakuona jibu. Akatuma tena, na tena. Kupiga simu kulikuwa kunakatika kabla hata haijaita. Meseji zote tatu ziliingia kwenye simu ya mama alfajiri, kwa mpigo, wakati dada ameshalala kwenye benchi la duka la mtu asiyemjua. Na zote tatu alikatwa.

Nini kilitokea? SMS haiendi moja kwa moja kutoka simu kwenda simu. Inakwenda kwanza kwenye kituo cha ujumbe cha kampuni yako, inapokelewa na kuhifadhiwa, halafu kituo kinauliza mtandao "huyu mtu yuko chini ya mnara gani?", kisha kinajaribu kumfikishia. Ikishindikana kinasubiri na kujaribu tena baadaye. Kwa kawaida pesa yako inakatwa ujumbe unapopokelewa kituoni, si unapomfikia mwenyewe. Kwa hiyo ukiona kimya ukabonyeza tuma mara tatu, kituo kinaziona kuwa barua tatu tofauti, na stempu tatu.

Kinachozibwa sikukuu ni ile njia ya pembeni niliyoieleza mwanzo. Tufanye hesabu ya mnara mmoja wa 2G. Tuseme kampuni imetenga nafasi moja ya muda kwa ajili ya njia hiyo. Nafasi hiyo inagawanyika kuwa vichochoro 8. Tuseme kila SMS inashika kichochoro kwa sekunde 4. Vichochoro 8 gawanya kwa sekunde 4 ni SMS 2 kwa sekunde, yaani 120 kwa dakika, kama kila kitu kinakwenda sawa na hakuna kazi nyingine. Sasa chukua saa sita usiku ya tarehe 31 Desemba, watu 3,000 chini ya mnara huo, kila mmoja anatuma salamu tano. Ni SMS 15,000. Gawanya kwa 120, unapata dakika 125. Zaidi ya saa mbili za foleni, na bado hatujahesabu salamu zinazoingia, ambazo nazo zinapita humohumo.

Na kazi nyingine zipo. Kupiga simu kunaanza kwa kushika kichochoro hichohicho kabla hujapewa njia ya sauti, ndiyo maana simu ya dada ilikatika bila kuita. Basi la Mwanza likifika na abiria 60, simu 60 zinajisajili kwa mnara mpya kwa wakati mmoja, kupitia hapohapo. Vipande navyo vinahesabiwa: salamu ya baba mdogo inachukua nafasi ya watu watatu kwenye foleni. Kwenye 4G njia ni tofauti na ina nafasi zaidi, ila mwenye kitochi yuko 2G siku zote.

Kuna jambo hapa ambalo watu wa mijini hawalioni. Mtandao hupangwa kwa kuangalia saa yenye shughuli nyingi katika siku za kawaida. Hesabu zake zinatoka kwa Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi kampuni ya simu ya Copenhagen zaidi ya miaka 100 iliyopita, na zinasema jambo la kukera: foleni haikui polepole. Mtandao ukikaribia kujaa, ongezeko dogo la watumiaji linaleta ongezeko kubwa la kusubiri. Sasa Desemba ikifika watu wanatoka Dar na Mwanza kurudi Simiyu. Minara ya Kariakoo inapumua, na mnara mmoja wa kijiji cha Itilima, uliopangwa kwa wakulima wa pale, unapokea wajukuu wote kwa wiki mbili. Hakuna kampuni itakayojenga mnara wa pili kwa ajili ya wiki mbili. Yaliwahi kutokea mambo kama hayo hata mchana wa Agosti, pale Nyakabindi, maonesho ya Nanenane ya kitaifa yalipofanyika kwetu kuanzia 2018. Ila kwa tukio linalojulikana tarehe, unaweza kuleta mnara wa muda juu ya gari. Sikukuu ya kurudi nyumbani haina uwanja mmoja.

Shangazi na bei

Turudi kwa shangazi. Je, ni haki bei ipande sikukuu?

Kiuchumi, hoja ya kupandisha bei wakati wa msongamano ipo na si ya kijinga. Ukipandisha bei saa sita usiku, wenye salamu za kawaida watasubiri asubuhi na mwenye dharura atapata njia. India walikuwa na utaratibu wa wazi wa namna hii: siku za sikukuu kubwa kama Diwali na mwaka mpya, vifurushi vya SMS havifanyi kazi na kila ujumbe unalipiwa bei kamili. Watu walilalamika sana, hadi mdhibiti wa mawasiliano akaweka kikomo cha siku tano kwa mwaka, na zitajwe mapema. Binafsi naona kutajwa mapema ndiko kunakobeba hoja yote. Bei ambayo mtu haijui haiwezi kumfanya asubiri asubuhi. Inamkata tu.

Kwetu mkasa unaokumbukwa zaidi ulitokea sikukuu kweli. Tarehe 2 Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilianza kutumika nchini, na tarehe hiyo ilikuwa Ijumaa Kuu. Watu waliamka kununua bando la Pasaka wakakuta pesa ileile inatoa kidogo zaidi, wakati walikuwa wameahidiwa kwamba kanuni mpya zinakuja kuwapunguzia kero. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba wikendi hiyohiyo serikali, kupitia Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisitisha bei hizo na kurudisha za zamani. Ule ulikuwa mzozo wa vifurushi vyote, intaneti zaidi kuliko SMS. Lakini ukimuuliza shangazi leo kwa nini anaamini bei hupanda sikukuu, kumbukumbu ya Ijumaa Kuu ile imo ndani ya jibu lake. Huwezi kumwambia anaota.

Sasa tuangalie kama SMS yenyewe ina gharama inayolingana na bei. Mwaka 2008 mwanasayansi wa anga wa Chuo Kikuu cha Leicester, Nigel Bannister, alipiga hesabu ya kuchekesha. SMS ya Uingereza wakati huo ilikuwa peni 5. Megabaiti moja ina baiti 1,048,576, na ukizigawa kwa 140 unapata SMS 7,490. Zidisha kwa peni 5: pauni 374.49 kwa megabaiti moja. Akalinganisha na gharama ya kushusha picha kutoka darubini ya Hubble iliyoko angani. Hata kwa kadirio la juu kabisa alilolipata, meseji ilikuwa ghali zaidi ya mara nne kuliko kuongea na chombo kilichoko nje ya dunia.

Tufanye ya kwetu. Tuseme SMS nje ya kifurushi ni shilingi 30. Mara 7,490 ni shilingi 224,700 kwa megabaiti. Bei elekezi ya intaneti iliyokuwa ikitajwa na serikali mwaka 2022 ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa megabaiti. Chukua hiyo ya juu: maandishi yaleyale yakipita kama SMS yanauzwa zaidi ya mara 24,000 ya bei yake yakipita kama intaneti. Ndiyo maana mwenye simu janja anatuma salamu na picha na video kwa pesa kidogo, na mwenye kitochi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo, analipa kwa kila herufi 160.

Nisiwe mwonevu. Si yote inaingia kwa kampuni. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 kwenye huduma za mawasiliano, na juu yake VAT ya asilimia 18. Ukizidisha 1.17 kwa 1.18 unapata 1.38. Katika kila shilingi 100 uliyolipa, takriban 72 ndiyo ilibaki baada ya kodi hizo mbili. Na gharama halisi ya mtandao ipo kwenye minara, betri, dizeli na mafundi wa kwenda hadi Meatu ndani, kiasi kwamba kuna Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote unaotoa ruzuku ili kampuni zikubali kujenga sehemu ambazo peke yao wasingekwenda. Mnara ukishasimama, SMS moja zaidi haiongezi gharama yoyote ya maana, isipokuwa pale foleni inapojaa. Hapo ndipo hoja ya bei ya msongamano inaporudi, na hapo ndipo kampuni nazo hujikanyaga: zinauza vifurushi vya "sikukuu" vya SMS nyingi kwa bei ya chee kwa siku zilezile ambazo njia imeziba. Huwezi kuniuzia tiketi 500 za basi la abiria 60 halafu ukasema ni ofa.

Malipo kati ya kampuni na kampuni siku hizi hayawezi kuwa kisingizio. TCRA imekuwa ikishusha gharama ya kuunganisha simu za sauti mwaka hadi mwaka, kutoka shilingi 26.96 kwa dakika mwaka 2017 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Na tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba, ingawa kijijini ambako mnara unaoshika ni mmoja, kuhama unakwenda wapi?

Ufanye nini

Kabla ya kutuma salamu kwa watu wengi, angalia ile tarakimu pembeni ya kitufe cha kutuma. Ikisomeka /1 uko salama. Ikiruka ghafla kwenda /2 au /3 na hujaandika mengi, kuna herufi ngeni imejificha. Tafuta emoji, alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu, au ng’ombe. Salamu uliyonakili kutoka WhatsApp ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Bora uiandike upya kwa mkono. Kwenye simu nyingi za Android, ndani ya mipangilio ya programu ya meseji, kuna sehemu ya kubadilisha herufi maalumu kuwa herufi za kawaida. Iwashe, uiache hivyohivyo.

Ujumbe usipojibiwa usiku wa sikukuu, usibonyeze tena. Upo kwenye foleni, na ukituma mwingine unajipanga nyuma yako mwenyewe kwa pesa yako. Salamu za mwaka mpya zitume saa tatu usiku, hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuwahiwa. Kwa dharura kama ya dada yangu, tuma moja, kisha jaribu kupiga kila baada ya dakika chache.

Ukikatwa visivyo, anza na kampuni yenyewe na uchukue namba ya malalamiko, ndiyo inayokupa nguvu ya kwenda TCRA wakikupuuza. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kutusemea. Na kama wapo wanaosoma hapa na wanafanya kazi kwenye kampuni hizi, ombi langu ni dogo: menyu inayouza "SMS 20" iseme kwa Kiswahili kwamba SMS moja ni herufi 160, au 70 ukitumia alama fulani. Ni sentensi moja. Inaenea kwenye SMS moja, nimeihesabu.

Baba mdogo yeye ameshapata suluhisho lake, hakusubiri TCRA. Pasaka iliyofuata alinunua tena kifurushi cha 20, akatuma kwa watu 20, zikafika zote. Nilipofungua ya kwangu nikakuta kaandika ileile, ila safari hii alituombea pamba nyeupe na mbuzi wanono. Herufi 140, SMS moja. Shangazi akampigia simu kutoka Maswa, kwa hasira kidogo, akauliza tumefanya kosa gani hadi tushushwe kutoka ng'ombe kuja mbuzi.